Ubao wa Funguo

Kazi yangu ya kwanza Nairobi ilikuwa kulinda misumari. Nyuma ya meza yangu palikuwa na ubao wa mvule uliopigiliwa misumari 60 kwa safu, na kila msumari ulining'iniza ufunguo wenye kikaratasi kigumu: jina la barabara, namba ya nyumba, na herufi moja kwa wino mwekundu, U kwa nyumba ya kuuzwa, K kwa nyumba ya kukodishwa. Asubuhi nilizihesabu. Jioni nilizihesabu tena, na hesabu isipolingana sikutoka. Mwaka ulikuwa 2001, nami nilikuwa nimeshuka kwenye basi la Mombasa na begi moja na barua ya kunijulisha kwa mthamini wa mali ambaye kila mtu alimwita Mzee tu, ingawa wakati huo hakuwa amefika hata miaka 50.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani karibu na Moi Avenue, lenye lifti iliyofanya kazi siku ilipojisikia. Chini, penye mlango wa ngazi, tulikuwa na kabati la kioo lililotazama barabara. Ndani yake nilibandika picha za nyumba: Lavington, Kileleshwa, Westlands, Kilimani. Waliosimama mbele ya kioo kile walikuwa wengi, hasa jioni za mvua, maana palikuwa na kibaraza cha kujikingia. Karani wa benki, mama wa mitumba, vijana wa chuo, wote wangeinua macho na kulitazama jumba la vyumba vitano lenye nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha kuruta, kisha matatu ya 46 ingepiga honi nao wakatimua mbio. Katika miaka mitano niliyokaa pale namkumbuka mnunuzi mmoja tu aliyepanda ngazi kwa sababu ya picha, na huyo naye aliishia kununua nyumba nyingine ambayo haikuwa na picha.

Siku moja nilimuuliza Mzee kwa nini tunalipia kioo kisichouza.

"Kijana," akaniambia bila kuinua uso kwenye faili, "kioo si cha wanunuzi."

Ilinichukua muda kuelewa. Waliopanda zile ngazi wakihema walikuwa wenye nyumba. Mtu anayetaka kuuza nyumba aliyozalia watoto haji kwanza kuuliza bei. Anakuja kukutazama. Anaangalia sefu, anasoma cheti cha usajili kilichowekwa fremu ukutani, maana tangu sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, ipitishwe mwaka 1984, kuna bodi inayosajili watu wa kazi hii na asiyesajiliwa anaifanya kwa wizi. Anatazama ubao wa funguo na kuuona umejaa. Mama mmoja aliyekuwa na nyumba karibu na Valley Arcade aliniomba ufunguo wa choo. Nilimpa, akazunguka kwenye ujia, akarudi upesi. Miezi baadaye, nyumba ilipokwisha kuuzwa, alinicheka: hakuwa na haja yoyote siku ile. Katika majengo yale ya mjini choo kilifungwa, na kila mpangaji halali alikuwa na ufunguo wake. Mtu aliyeazima meza ya mwenzake kwa siku moja ili atapeli watu angepata kiti, angepata simu, hata cheti cha kughushi, lakini ufunguo wa choo asingekumbuka kuutafuta. Mama yule alikuwa mwalimu mstaafu na nadhani hakuna mpelelezi aliyewahi kumfikia.

Nyumbani nilikotoka hayo yote yangeonekana kiroja. Ami yangu alikuwa dalali Mombasa miaka yote niliyomjua, na hakuwahi kulipia kodi ya ofisi hata siku moja. Alikaa barazani Kibokoni baada ya swala ya alasiri, kikombe cha kahawa chungu mkononi, na mji ukamjia. Kule kwetu kuna nyumba zinazouzwa bila ardhi, mwenye kuta ni mmoja na mwenye kiwanja ni mwingine, kwa hiyo kazi ya dalali ilikuwa kukumbuka: nani alijenga, nani anapokea kodi ya ardhi, nani amekwenda Muscat na ameacha fungu lake kwa dada yake. Nilipomwandikia kuwa Nairobi dalali ana ofisi, ana meza na karani wa funguo, alinijibu kwa simu ya jirani: "Ofisi ya nini? Mtu akitaka kunitukana anajua pa kunikuta."

Nimelifikiria neno lile kwa zaidi ya miaka 20. Dalali na dalili ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuonyesha na kuongoza. Dalali ni mwonyesha njia. Ami alionyesha njia kwa sababu hakuhama. Babake alikaa mtaa ule, na makaburi ya wakwe zake yalikuwa mwendo wa dakika 10. Angemdhulumu mtu, angekutana naye msikitini Ijumaa. Nairobi ni mji wa watu walio safarini. Desemba ikifika utaona mabasi yanavyoubeba mji mzima na kuurudisha Kakamega, Kisii, Murang'a na Kitui, na mitaa inabaki na paka. Katika mji wa namna hiyo, Mzee alikuwa akilipia baraza. Kodi ya kila mwezi ilinunua kitu ambacho ami alikirithi bure.

Kuuza kwenyewe hakukufanyika mjini hata kidogo. Kulifanyika getini. Nilichukua ufunguo na mteja, tukapanda hadi Kileleshwa, na kabla sijafungua mdomo mteja alikuwa amekwisha kumuuliza soja, mlinzi wa geti, swali la pekee ambalo Nairobi huulizwa kabla ya yote: maji yapo? Soja akisema yapo, tunaingia. Soja akisema "Jumatano hayaji, na Alhamisi inategemea", hata kama ndani kuna sakafu ya mbao na jiko la ndoto, mteja anatembea kama mtu aliyekwisha kuondoka. Nilijifunza kumsalimia soja kabla ya kumsalimia mwenye nyumba. Nilijifunza kumwachia ya chai hata siku ambayo hatukuuza. Soja mmoja wa Kilimani alinipoteza nyumba nzuri kwa neno moja alilolitamka kwa upole kabisa: "panya".

Na miaka ile kulikuwa na ya kuuza. Lavington ilikuwa ardhi ya kahawa ya mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya St Austin's mwaka 1899, kabla Nairobi yenyewe haijawa mji wa kusemwa, na mpaka nilipofika mimi bado ulipanda barabara za vumbi jekundu kati ya ua mrefu wa kayaba, nyumba moja nusu ekari, mbwa wakibweka kwa mbali kiasi kwamba hukujua ni wa nani. Kileleshwa ilikuwa na nyumba za zamani za watumishi wa serikali, mapaa ya vigae na mabomba ya moshi. Nikaona ua mmoja baada ya mwingine uking'olewa. Nusu ekari iliyokaa familia moja ikawa ghorofa za familia 40, na kwenye kila kiwanja kipya mjenzi aliweka nyumba moja ya maonyesho yenye fanicha za kukodi na msichana mwenye vipeperushi. Wauzaji walikuwa wamehamia kwenye kile wanachouza. Mzee aliyaona hayo mapema kuliko mimi. Alisema, "Sasa kila geti lina tawi," akaendelea kulipa kodi yake mjini.

Niliacha kazi mwaka 2006, na nikajiona mjanja. Kioo hakiuzi, geti linauza. Basi kodi ya nini? Nikanunua pikipiki na simu ya pili. Mwaka uliofuata M-Pesa ikaja, na hata kisingizio cha kwenda mjini kuweka pesa benki kikafa. Ofisi yangu ikawa mkahawa, kama ya kila broka wa upande wa magharibi. Java House, iliyofungua mlango wake wa kwanza Adams Arcade mwaka 1999, haijui ni nyumba ngapi zimeuzwa juu ya meza zake kwa kikombe kimoja cha kahawa kilichokaliwa saa tatu. Baadaye zikaja tovuti za matangazo. Nilipiga picha, nikapandisha, simu ikalia: "Bado ipo?" Na kabla sijajibu: "Bei ya mwisho?" OLX ilipouza biashara yake ya hapa kwa Jiji mwaka 2019, matangazo yalibadilisha jina la mwenyeji, maswali yakabaki yale yale mawili.

Wanunuzi nilikuwa nao, na tele. Nilichokosa ni wenye nyumba. Niliwaambia nina picha nzuri, nina simu mbili, nafika popote kwa dakika 20. Walinisikiliza kwa heshima kama unavyomsikiliza mtu wa bima. Mama mmoja wa Kileleshwa, mjane, aliniacha nimalize hotuba yangu yote kuhusu tovuti, akamimina chai, akaniuliza:

"Na wewe mwanangu, unakaa wapi?"

"Nafanya kazi kila mahali, mama. Siku hizi—"

"Sikuuliza kazi. Nimeuliza unakaa wapi."

"Kangemi."

"Nipeleke."

Nilidhani anatania. Alichukua mkoba wake, akafunga mlango, tukaingia kwenye gari lake na kuteremka Waiyaki Way. Mke wangu alikuwa akifua. Alituona, akajifuta mikono kwa leso, akamkaribisha mgeni kana kwamba alikuwa akimngoja, akaweka maji ya chai jikoni. Mama alikaa kwenye kochi letu nusu saa. Aliuliza tumepanga au ni kwetu, tumekaa miaka mingapi, watoto wanasoma shule gani. Alimsalimia jirani kupitia dirishani na kumuuliza kama ananijua. Alipoinuka alitoa funguo kwenye mkoba na kuziweka juu ya meza, kando ya kikombe. Ami yangu hakuwahi kuonana naye, lakini walikuwa wamesoma shule moja.

Nyumba ile niliiuza kwa miezi minne, na hapo nikajifunza jambo jingine ambalo simu hailiwezi. Watu wanadhani nyumba huuzwa siku mnapokubaliana bei. Kwa kawaida yetu, siku ya kutia sahihi mnunuzi anatoa asilimia 10, kisha kuna siku 90 za kukamilisha, na siku 90 hizo ni ndefu kuliko mwaka. Kuna cheti cha kutodaiwa kodi za kaunti, kuna ridhaa ya mke au mume, kuna sachi ya hati, wakati ule Ardhi House, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa nyumba ya mjini, kuna mawakili wawili wanaoandikiana barua kwa Kiingereza cha karne iliyopita. Katika siku hizo hakuna wa kumwonyesha chochote. Kuna hofu tu, na hofu inataka mahali pa kukaa. Enzi za Mzee tulikuwa na mnunuzi wa Westlands aliyekuja kila Ijumaa, akaketi kwenye benchi chini ya ubao wa funguo, akasoma gazeti letu, akauliza "Hakuna neno?" na kuondoka. Hakuwa anataka habari. Alikuja kuhakikisha kwamba bado tupo. Sasa mtu wa namna hiyo alikuwa akinitumia ujumbe saa sita usiku, na nisipojibu aliziona tiki mbili za buluu na kulala macho.

Ninayotaka kusimulia sasa siyapendi. Mwaka 2014 ndugu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Doha alinitafuta nimpatie fleti Kilimani, ya kununua ingali inajengwa. Sikuwa nayo. Nilijua ofisi moja Westlands, mpya, yenye milango ya kioo, mashine ya kahawa na msichana wa mapokezi aliyevaa kitambaa shingoni kama mhudumu wa ndege. Nilikuwa nimekwenda pale mara mbili. Walinipa kahawa, wakanionyesha mfano wa jengo chini ya kifuniko cha kioo, miti midogo na magari madogo, wakaniahidi fungu langu. Nilitazama milango ile na nikahisi aibu kwa pikipiki yangu. Mimi, niliyewahi kufundishwa na mwalimu mstaafu namna ya kuipima ofisi, sikuuliza lolote. Hata ningeomba ufunguo wa choo nisingefaidika: majengo mapya hayafungi vyoo, na vyumba vyake hukodishwa kwa mwezi pamoja na viti, mapazia na msichana.

Ndugu yangu alituma 150,000 za kuhifadhi fleti. Fungu langu lilikuwa 20,000. Wiki ya sita simu zao zilizimwa. Nilipanda pale Jumatatu asubuhi nikakuta watu saba kwenye ujia, mmoja amekaa sakafuni na faili mapajani. Ndani mlikuwa na mtungi wa maji uliopinduliwa, na ukutani matundu ya skrubu palipokuwa na jina. Mjengo mdogo wenye miti midogo walikuwa wameuchukua.

Hakuna aliyewapata. Mimi nilipatikana. Alipokuja likizo, ndugu yule alifika moja kwa moja nyumbani Kangemi, kwa sababu siku nyingi kabla nilimwelekeza njia ili alete zawadi za watoto. Hakunitukana. Alikaa kwenye kochi lile lile la mama wa Kileleshwa, akasema, "Kaka, mimi wale siwajui. Nakujua wewe." Fungu langu nilimrudishia usiku ule. Nusu ya iliyobaki tulikubaliana mbele ya mke wangu na binamu yake, nikailipa kwa M-Pesa kidogo kidogo kwa miezi 14. Nusu nyingine aliimeza yeye, na siku hizi bado hunipigia Idi.

Huko Uingereza wameligombania swali hili la ofisi kwa namna nyingine. Kampuni ya Purplebricks ilianza mwaka 2014 ikijigamba kuuza nyumba bila tawi hata moja barabarani, kwa ada ya mara moja, na kwa miaka michache wenye maduka waliikimbia kama moto. Mwaka 2023 biashara yake iliuzwa kwa pauni moja. Wenye maduka walisherehekea, lakini sidhani habari ile inatuhusu sana. Wao walikuwa wakibishana juu ya gharama: nani atalipia taa za dukani. Hapa kwetu mtu hupaka ukutani kwa rangi nyekundu maneno ya Kiingereza kwamba kiwanja hiki hakiuzwi, kwa sababu asipopaka kitauzwa akiwa kazini. Mahali ambapo mwenye nyumba hulazimika kuutangazia ulimwengu kuwa hauzi, mnunuzi ataanza vipi na bei? Ataanza na wewe ni nani, na nikikutafuta kesho nitakukuta wapi.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama dalali wa Nairobi anahitaji ofisi mjini ili auze nyumba, nasema kwa kuuza haihitaji, na kwa ajili ya picha dirishani ni upotevu wa fedha. Lakini anahitaji pahali pa kukamatiwa. Wanaozunguka Kilimani na simu tatu, wakimtoza mpangaji shilingi 1,000 kwa kumwonyesha chumba tu, hawachukiwi kwa kukosa ofisi. Wanachukiwa kwa kuwa ukishalipa huwaoni tena. Na milango ya kioo ya Westlands haikuwa bora kuliko wao kwa lolote isipokuwa kahawa.

Mzee alifunga mwaka 2020. Corona ilitangazwa nchini tarehe 13 Machi, na kufikia Juni ngazi zile hazikuwa na mtu wa kuzipanda. Kimathi na Moi Avenue zilikuwa zimekwisha kubadilika zamani, maduka makubwa yakakatwakatwa kuwa vibanda vya kuuza simu na viatu, na kabati letu la picha lilikuwa likionyesha kava za simu kwa miaka. Mwaka uliofuata, Aprili 2021, Ardhisasa ilizinduliwa, na sachi ambazo nilizifuata kwa miguu kupitia Uhuru Park zikaanza kufanyika kwenye kompyuta. Mzee aliniambia kwa simu kwamba angependa kuiona kazi hiyo ikifanyika bila foleni, angalau mara moja, kabla hajafa. Kisha akasema, "Njoo uchukue ubao wako."

Nina kibanda sasa, Kangemi, hatua chache kutoka Waiyaki Way, katikati ya wakala wa M-Pesa na fundi cherehani. Mita mbili na nusu kwa tatu. Nimejisajili, cheti kiko ukutani. Hakuna picha dirishani. Kuna benchi, na mwenye haja ya choo nampa ufunguo wa choo cha ploti. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 inaishia karibu tu, na wateja kutoka uwanja wa ndege hufika kabla ya wale wa mjini. Ubao nimeupigilia nyuma ya kiti changu na funguo zake zote, 41, ingawa karibu nyumba zote zile zimebomolewa. Mnunuzi wa chuma chakavu alinipa bei kwa kilo, nikamwambia haziuzwi.

Mwezi uliopita Mzee alinitembelea. Amezeeka kweli sasa, anatembea na bakora. Alikataa kiti, akasimama mbele ya ubao na kuanza kusoma vikaratasi kimoja kimoja kwa sauti ndogo, mkono mwingine ukiufuata mstari. Alifika kwenye ufunguo wa shaba, wa nyumba moja ya Kileleshwa ambayo pahala pake pana ghorofa 12 tangu mwaka 2009. Aliushika, akaupima kiganjani.

"Huu," akasema, "mpaka uinue mlango kidogo kabla ya kuuzungusha."